Nambari 11 kati ya 40

Kijarida ninachokihakiki hapa siruhusiwi kusema kinahusu nini. Aliyekitengeneza ni rafiki yangu. Tunasoma naye shahada ya uzamili, darasa moja. Alipokubali niandike alinipa masharti mawili: nisitaje jina lake, wala nisieleze yaliyoandikwa ndani. "Andika kuhusu karatasi," aliniambia. "Huko utapata mengi." Nilidhani ananifukuza kwa upole. Baadaye nikaona kwamba amenipa mada, tena mada ninayoistahili, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele.

Basi tuanze na karatasi. Ziko nne, A4 za kawaida, zimekunjwa katikati na kubanwa mgongoni kwa pini mbili za stepla. Karatasi nne zikikunjwa hutoa kurasa 16. Hakuna jalada gumu. Ukurasa wa kwanza ndio jalada. Maneno mengine yamechapwa kwa kompyuta, mengine yameandikwa kwa mkono. Picha zimekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi, na kwenye kingo zake mashine imeacha vivuli vyembamba, kama nguo iliyopigwa pasi kwa haraka. Ukurasa wa 9 ni mweusi karibu wote, na ndani ya weusi huo kuna kiganja kilichofunguliwa. Ukurasa wa mwisho una sentensi moja: "Ukimaliza, mpe mtu mmoja unayemwamini." Chini yake kuna nambari iliyoandikwa kwa kalamu, si kopi, ni wino wenyewe. Changu ni 11/40.

Kwa Kiingereza machapisho ya aina hii huitwa zine. Ni mkia wa neno magazine, uliokatwa ukabaki peke yake. Ukilitohoa kwa utaratibu wetu wa kawaida unapata "zini", na hapo mama yangu atakuwa ameshafunga ukurasa huu. Kwa hiyo nasema kijarida, nikimaanisha kitu mahususi: chapisho ambalo mtu mmoja, au watu wachache, wameliandika, wamelipanga, wamelitoa kopi, wamelikunja na kulifikisha kwa msomaji wao wenyewe, bila mchapishaji na bila matumaini makubwa ya kurudisha hela.

Nilikuwepo siku alipotoa kopi. Lilikuwa duka la steshenari karibu na chuo, lenye mashine mbili, moja ikiwa imefunikwa kitambaa kwa sababu ni mbovu. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya watu wenye vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za serikali za mtaa, na wanafunzi wenye vitabu vya kuazima. Ninapenda kukumbuka foleni ile, kwa sababu maandishi mengi ya Wamarekani kuhusu vijarida huizungumzia mashine ya fotokopi kana kwamba ni silaha ya waasi iliyoibwa ofisini usiku. Huku kwetu ni chombo cha kila siku. Bila kopi huombi kazi, huandikishi mtoto shule, na kwa kweli husomi. Nadharia za fasihi nilizosoma mwaka wa kwanza nilizisoma karibu zote kwenye kopi zilizokatwa pembeni, zikiwa na mistari iliyopigwa na mwanafunzi fulani ambaye sitamjua kamwe. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kazi ya rafiki yangu ni sanaa kwa sababu tu imetolewa kopi. Kama ni hivyo, hata cheti changu cha kidato cha nne ni sanaa.

Tofauti niliiona zamu yake ilipofika. Dada wa dukani alizipokea karatasi, akazigeuza, akamtazama kwa huruma: "Dada, kurasa zako zimechanganyika." Hazikuwa zimechanganyika. Ukitaka karatasi iliyokunjwa isomeke kwa mpangilio, ukurasa wa 16 lazima ukae kushoto kwa ukurasa wa 1, na nyuma yake ukurasa wa 2 ukae kushoto kwa wa 15. Unaendelea hivyo mpaka katikati, ambapo wa 8 na wa 9 hukutana upande mmoja wa karatasi moja. Katika kijarida chote, ukiondoa jalada lenyewe na mgongo wake, hapo katikati tu ndipo kurasa mbili zilizoandikwa pamoja zinasomwa pamoja. Rafiki yangu alilijua hilo, na kiganja chake akakiweka hapo.

Namna alivyokipata kiganja hicho inafaa kuelezwa. Alimwomba dada ainue kifuniko cha mashine, akaweka mkono juu ya kioo, akasema bonyeza. Dada alisita, halafu akabonyeza. Walifanya hivyo mara tatu. Aliipenda kopi ya tatu, akaikata nusu, akaibandika kando ya ukurasa wa 8, na hiyo ndiyo ikawa karatasi mama ya kutolea nyingine zote. Dada akatoa onyo: "Hii inakula wino. Upande huu nitakuhesabia mia mbili." Tulipiga hesabu pale pale. Kila upande wa karatasi shilingi 100, kijarida kimoja kina pande 8, vijarida 40: shilingi 32,000. Upande wenye kiganja ukaongeza 4,000. Nilimuuliza kwa nini 40, si 50, namba iliyo rahisi kuhesabu. Alisema alikuwa ameorodhesha watu usiku uliopita, wakafika 38, akaongeza viwili vya akiba.

Wakati ule nililiona jibu hilo kuwa la kuchekesha. Sasa naliona kuwa ndiyo sentensi muhimu kuliko zote alizowahi kuniambia kuhusu sanaa yake.

Kabla sijafika huko, nimalize kuhusu ukurasa wa 9, maana ndio ulionifanya nifanye kosa. Mashine ya fotokopi ilitokana na jaribio la Chester Carlson, ambaye tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, alifanikiwa kuhamisha maandishi machache kwa kutumia umeme tuli na unga mkavu. Kwenye mashine za analojia kanuni ni ileile. Mwanga hupigwa kwenye karatasi yako; penye weupe hurudi, penye weusi haurudi. Pale uliporudi, umeme uliokuwa juu ya ngoma ya mashine hupotea. Pale usiporudi, umeme hubaki na kuvuta unga wa wino, na joto huuyeyusha unga huo ukashika kwenye karatasi. Ndiyo maana kopi za mashine za zamani hazijui rangi za katikati vizuri: kijivu kinalazimishwa kuchagua upande.

Sasa inua kifuniko. Mwanga unatoka, haukuti kitu, haurudi. Mashine inasoma hali hiyo kama weusi. Kwa hiyo weusi wa ukurasa wa 9 hakuuchora mtu. Ni hewa ya duka lile, ni foleni iliyokuwa nyuma yetu, ni kila kitu kilichokuwa mbali mno na kioo. Kilichoonekana ni kile tu kilichogusa. Kiini cha kiganja na ncha za vidole ziko wazi kiasi kwamba unaona mistari. Sehemu zilizoinuka kidogo zimeanza kuzama. Siwezi kusema ukurasa wa 8 unasema nini, ila naweza kusema kwamba unahusu kugusa na kuguswa, na kwamba sijaona njia nyingine ya kulionyesha jambo hilo kwa shilingi mia mbili. Hapa mashine haikutumika kunakili kitu kilichokwisha kuwepo. Bila mashine kisingekuwepo.

Si kurasa zote zina nguvu hiyo. Wa 5 na wa 6 una maneno mengi mno kwa herufi ndogo mno, na mashine imeyala. Nusu ya aya nzuri imegeuka vumbi. Picha ya ukurasa wa 12 ilitoka kwenye simu, ilikuwa na giza tangu mwanzo, na kwenye kopi imekuwa doa tu. Nilimwambia, naye akatetea kwamba ukungu ni sehemu ya lugha ya vijarida. Sikubali. Ukungu wa ukurasa wa 9 aliutafuta mara tatu. Ule wa ukurasa wa 12 ulimkuta. Siku hizi kuna hata programu za simu zinazoweza kuipaka picha safi madoa na mikwaruzo ya kopi mbovu, na uchafu huo wa kununua unachosha haraka kwa sababu hiyohiyo: hakuna mtu aliyesimama mbele ya kitu chochote akaamua.

Sasa kosa langu. Siku mbili baada ya kupewa nambari 11, nikiwa bado na msisimko, niliupiga picha ukurasa wa 8 na wa 9 kwa simu, nikauweka kwenye kundi la WhatsApp la darasa, nikaandika: "Tazameni kazi hii." Sikutaja jina. Nilijiona mhakiki mkarimu. Kijarida chenyewe si kinasema mpe mtu? Jioni hiyo picha ilikuwa imeshafika kwenye makundi ambayo mimi simo. Sentensi ya kwanza ya ukurasa wa 8 ni nusu; mwanzo wake uko ukurasa wa 7, ambao sikuupiga picha. Watu waliisoma ilivyo, na ilivyo ilikuwa na maana nyingine. Mwandiko wake ulitambulika. Kesho yake mtu alimsimamisha kwenye korido na kumuuliza swali ambalo hakuna mtu mwenye haki ya kuliuliza kwenye korido.

Niliifuta kwa wote, kama kwamba wote walikuwa bado humo. Nilipomwendea kuomba radhi nilikuja na hoja zangu: kwamba nilificha jina, kwamba kopi ni kopi, kwamba yeye mwenyewe aliandika kipewe mtu. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulipewa," alisema. "Wao hawakupewa."

Vilikuwa vimebaki vijarida 14 ambavyo hajavigawa. Aliviweka kwenye bahasha, na kwa ninavyojua bado vimo. Watu 14 aliowaorodhesha usiku ule hawakupata kamwe walichokusudiwa, kwa sababu mimi nilitaka watu wengi zaidi wakipate.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya vijarida nikitafuta jambo moja: nani aliweka kikomo, na kwa nini. Nimekuta kwamba kikomo kiko kila mahali, na wahakiki tunakipita haraka kwa sababu tumefundishwa kuhesabu mafanikio kwa wingi wa wasomaji.

Kiko ndani ya mashine yenyewe. Mwaka 1968 huko New York, Seth Siegelaub na John Wendler walitoa kitabu kinachojulikana mpaka leo kama Xerox Book. Wasanii saba walipewa kila mmoja kurasa 25 watengeneze kazi za kutolewa kwa fotokopi. Ilipofika wakati wa kutoa nakala 1,000, gharama ya kopi ikawa kubwa mno, kitabu kikapelekwa kuchapwa kwa ofseti. Kitabu chenye jina la mashine hakikupita kwenye mashine. Watu hukisimulia kisa hicho kama kichekesho, lakini kuna somo la uchumi ndani yake. Kiwandani, gharama kubwa ni ya kuanza, na kila nakala inayofuata hushusha bei. Kwa fotokopi, nakala ya 40 ina bei ileile ya nakala ya kwanza, na ya 1,000 pia. Ni chombo rahisi kwa wachache na ghali kwa wengi. Kwa tabia yake, kinamwuliza mtu: una watu wangapi hasa?

Wengine walijibu kwa kusimama. Mark Perry alianzisha Sniffin' Glue jijini London Julai 1976, kijarida cha muziki wa panki kilichoandikwa kwa kalamu nene na taipureta ya kitoto. Kilianza na nakala chache sana, kikafika maelfu, naye akakifunga mwaka uliofuata na kuwahimiza wasomaji waanzishe vya kwao.

Wengine walijibu kwa kufunga mlango. Kuanzia mwaka 1991, wasichana wa vuguvugu la riot grrrl, hasa katika miji ya Olympia na Washington D.C. nchini Marekani, waliandika kwenye vijarida vyao mambo ambayo hawakuweza kuyasema nyumbani wala darasani: kubakwa, kupigwa, miili yao, hasira zao. Vilipita mkono kwa mkono kwenye maonyesho ya muziki na kwa posta. Magazeti makubwa yalipoanza kuvinukuu, yakichukua sentensi hapa na picha pale, mwaka 1992 wengi wao waliitana wasizungumze tena na vyombo vya habari. Nilipokuwa shahada ya kwanza nilisoma kuhusu uamuzi huo nikauona wa kitoto: mtu ana ujumbe, anakataa kipaza sauti. Sasa nauelewa. Wao hawakuwa na ujumbe kwa umma. Walikuwa na barua kwa watu fulani, na umma ulikuwa unasoma barua za watu. Leo vingi vya vijarida hivyo vimehifadhiwa katika maktaba ya Fales, Chuo Kikuu cha New York, na wakutubi wenyewe wa vijarida wametunga kanuni za maadili, za mwaka 2015, zinazosisitiza ridhaa ya mwandishi kabla ya kazi yake kuwekwa mtandaoni. Walitambua kitu nilichokidharau: mtu aliyekubali kusomwa na watu 40 hajakubali kusomwa na dunia.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Historia yetu ya machapisho ya kurudufu ina kikomo cha aina nyingine kabisa. Novemba 1969 wanafunzi wa Mlimani walitoa toleo la kwanza la Cheche, jarida la umoja wao wa kimapinduzi, USARF. Waliohariri walikuwa wanafunzi, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hawakuwa na fotokopi. Walichapa kwenye stensili na kuzungusha mashine ya kurudufu. Septemba 1970 walitoa toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, na Novemba mwaka huohuo umoja na jarida vyote vikapigwa marufuku. Andiko lile halikufa. Mwaka 1973 lilitoka kama kitabu. Cheche hawakutaka wasomaji 40. Jina lenyewe linakwambia: cheche hutafuta nyasi kavu. Kikomo chao kiliwekwa na serikali, na kila nakala iliyovuka kikomo hicho ilikuwa ushindi.

Kwa hiyo sisemi kwamba uchache ni fadhila. Ningesema hivyo mbele ya wale wahariri wa 1970 wangenicheka. Ninachosema ni kwamba idadi ya nakala, na njia inayopita nakala, ni sehemu ya kazi kama vile vina vilivyo sehemu ya utenzi. Cheche ilihesabu nchi nzima. Rafiki yangu alihesabu watu 38 na viwili vya akiba. Mhakiki anayekipokea kijarida aanze kwa kuuliza kimemhesabu nani, halafu ndipo aangalie kama karatasi, mkunjo, mwandiko na wino vinawafaa watu hao. Kwa kipimo hicho, kazi ya rafiki yangu, pamoja na makosa yake ya ukurasa wa 5, wa 6 na wa 12, ni mojawapo ya maandishi yaliyokamilika kuliko yote niliyosoma tangu nianze uzamili. Hakuna kitu ndani yake kinachopiga kelele, kwa sababu anayezungumza naye amekaa karibu.

Na kwa kipimo hicho, picha yangu haikuwa nakala ya kazi ile. Kopi ya kopi hufifia. Ukiirudia mara sita au saba, kiganja kinayeyuka na maneno yanakuwa vumbi. Mwanzoni niliuona huo kuwa udhaifu wa mashine. Sasa nadhani ni adabu yake: kinachotoka mbali na mwenyewe kinasahau kidogokidogo. Na kila hatua ya njia hiyo inamdai mtu atembee hadi dukani, asimame kwenye foleni, atoe hela na amtazame dada wa mashine usoni. Simu haikunidai hata dakika moja ya kufikiri.

Nilipomaliza rasimu ya makala haya nilimpelekea kwanza yeye, kwenye karatasi. Alifuta sentensi mbili, akarudisha. Nikamuuliza kama anataka nimrudishie nambari 11. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole kwenye ile sentensi moja.

"Bado hujampa mtu," alisema.

Ni kweli. Nilikuwa nimewapa watu wengi, sikuwa nimempa mtu. Nilichukua wiki nzima kumfikiria huyo mmoja, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuandika makala haya. Nimeshampata. Unaposoma hapa, kijarida hakiko tena kwangu.